Kumwendea Mtu Usiyemjua: Ukweli au Mistari ya Kukariri? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu maswali ambayo nimeulizwa kwa miaka kadhaa na vijana, wengi wao wanaume wa mijini, wanaotaka kujua namna ya kumwendea mtu wasiyemjua kituoni, dukani au harusini na kumwomba wafahamiane kwa nia ya mapenzi. Nimeyapanga jinsi yanavyokuja, wala sikuyapanga kwa umuhimu.

Hizo "mbinu" zinazozungumzwa ni zipi hasa?

Mtaani huitwa mistari, au saundi, na lengo lake ni kumfanya mtu aingie kwenye kumi na nane zako kabla hajajua kwamba mpira umeanza. Baadhi ni maneno matupu ya kukariri. Nyingine ni hila zenye hatua zake: kumwambia kwamba una dakika mbili tu, ilhali huna pa kwenda mpaka jioni, kumwomba maoni kuhusu ugomvi wa dada yako na mchumba wake, ilhali dada huyo hayupo, au kumkandia kidogo kwa sauti ya utani, kwa mfano kumuuliza kama nywele hizo ni zake kweli, ili ajione amepungukiwa na aanze kutafuta sifa kutoka kwako. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosifiwa zaidi na wanaouza mafunzo, nami naiona kuwa ndiyo mbaya kuliko zote.

Zilitoka wapi?

Mafunzo ya kulipia ya namna hii yalikua Marekani. Mmoja wa waanzilishi wake, Ross Jeffries wa Los Angeles, alianza kufundisha mwishoni mwa miaka ya 1980, akidai kwamba mpangilio maalumu wa maneno unaweza kuigeuza akili ya msikilizaji. Katika miaka ya 1990 wafuasi wake na wapinzani wake walibadilishana mistari kwenye intaneti, na mwaka 2005 mwandishi Neil Strauss alitoa kitabu kuhusu maisha yake miongoni mwao kilichouzwa sana. Miaka 2 baadaye Erik von Markovik, anayejiita Mystery, alipewa kipindi cha televisheni cha kuwafundisha wanaume wenye haya. Mwaka 2014 mwalimu mwingine wa Kimarekani alifutiwa viza Australia na kukataliwa kuingia Uingereza baada ya watu kulalamikia video zilizomwonyesha akiwashika wanawake kwa nguvu na kuliita hilo somo. Strauss mwenyewe, mwaka 2015, alitoa kitabu kingine, akisimulia jinsi uhusiano wake ulivyoharibika mpaka akalazimika kutafuta tiba.

Mistari mingi inayozunguka leo kwenye simu za vijana wa Dar es Salaam na Nairobi ni tafsiri ya mambo hayo. Mingine haikutafsiriwa hata vizuri.

Lakini je, zinafanya kazi?

Swali hili limepimwa. Mwaka 1986 watafiti Kleinke, Meeker na Staneski waliwauliza wanaume na wanawake wa Marekani kuhusu maneno ya kuanzia mazungumzo, wakiyagawa katika mafungu matatu: maneno ya wazi yanayotaja nia, maneno ya kawaida kama kuuliza habari za mahali mlipo, na maneno ya kijanja au ya mzaha. Maneno ya kijanja ndiyo yaliyopendwa kidogo kuliko yote, na wanawake waliyachukia zaidi ya jinsi wanaume walivyodhani kuwa yangechukiwa. Mwaka 1989 Michael Cunningham alichapisha majaribio yaliyofanyika katika baa za pembezoni mwa Chicago, ambako maneno hayo yalisemwa kweli kwa watu wasiojua kwamba wanapimwa. Wanawake waliitikia vizuri maneno ya wazi na ya kawaida kuliko ya kijanja. Wanaume waliofuatwa na wanawake waliitikia vizuri karibu kila kitu, jambo ambalo huenda ndilo linalowafanya wanaume wafikiri kwamba mistari inafanya kazi: wao wangeipokea.

Hata hivyo sitaki kutegemea majaribio hayo kupita kiasi. Mwanamke aliyekaa baa Chicago jioni ya Ijumaa hayuko katika hali moja na mwanamke anayesubiri gari Kariakoo saa moja usiku akiwa na mtoto wa dada yake mkononi. Isitoshe, anayekuambia kwamba mbinu yake "inafanya kazi" mara nyingi amejaribu kwa watu sitini akakumbuka wawili. Wale hamsini na wanane waliobaki hakuna aliyewauliza.

Je, kukariri maneno mapema ni udanganyifu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wa pwani wamekuwa na maneno ya kukariri katika mambo ya ndoa tangu zamani. Wazee wanaokwenda kuposa hawaingii sebuleni na kusema kwamba kijana wao anamtaka binti wa nyumba ile. Husema kwamba walipita wakaona ua limechanua katika bustani hii, nao wamekuja kuomba ruhusa ya kulichuma. Mzee wa upande wa pili naye hajibu moja kwa moja. Husema kwamba bustani yake ina maua mengi, hivyo wageni waeleze ni ua lipi walilolikusudia. Kila neno linalosemwa hapo limeshasemwa katika maelfu ya sebule, na hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa pande zote mbili zinajua kinachozungumzwa, na upande wa binti una nafasi ya kukataa kwa lugha ileile ya maua bila kumvunjia mtu heshima. Khanga nazo ni hivyohivyo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Mali ya Abdulla, lilianza Mombasa mwaka 1887, na kwa vizazi kadhaa wanawake wengi wamenunua na kuzawadiana khanga zenye maneno yaleyale yaliyochapwa kiwandani. Maneno hayakutungwa na anayetoa khanga, lakini ujumbe ni wake, na anayepokea anajua ametumiwa nini.

Mistari ya kijanja inaonekana kufanana na hayo kwa sababu nayo imekaririwa. Tofauti ni kwamba mchezo unajulikana na mtu mmoja tu. Mwenzako anadhani mnazungumza kuhusu dada yako. Wewe uko hatua ya tatu kati ya saba. Kwa hiyo ninapotaka kujua kama jambo ni maandalizi au ni hila, najiuliza swali moja: kama mtu huyu angejua sasa hivi ninachokifanya na sababu yake, je, kingeendelea kufanya kazi? Ukimwambia mtu, "Nilijiandaa njiani nikajua nitasema nini, maana nina woga," hakuna kinachoharibika, na huenda akatabasamu. Ukimwambia, "Nilikukandia nywele ili ujisikie vibaya unitafute," mazungumzo yameisha.

Mimi nina haya sana. Nikiacha mistari, nitasema nini?

Sema jambo fupi, la kweli, linaloeleza umekuja kufanya nini, na liwe na mlango wa kutokea. Mfano: "Samahani dada, habari za saa hizi. Naitwa Juma. Nimekuona hapa nikapenda tufahamiane kama hutojali. Kama haupo tayari, hakuna tatizo, nitakuacha uendelee." Unaweza kulikariri hilo mbele ya kioo mara kumi. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Mtu anayeombwa jambo la namna hii na mgeni hutafuta dalili za hatari kabla ya kutafuta dalili za ufasaha, na kijana anayegugumia kidogo huogopesha kidogo kuliko anayeteleza kama aliyelipwa.

Kinachokusumbua, pengine, ni dhana kwamba watu hawataki kusemeshwa. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 utafiti uliofanywa kwa abiria wa treni za Chicago. Waliopewa jukumu la kuzungumza na abiria mwenzao walisema safari yao ilikuwa nzuri kuliko waliokaa kimya, ilhali abiria wengine, walipoulizwa wakisie, walitabiri kinyume chake. Nakuomba tu usilivute hilo kupita linakofika: wale walikuwa wakizungumza bila kuomba kitu. Linakuruhusu kumsalimia mtu. Halikuhakikishii namba yake.

Mistari ya kuchekesha ina ubaya gani? Ni utani tu.

Utani mzuri sina ugomvi nao. Ila nitakusimulia kilichoniondoa mimi kwenye mistari.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na daftari dogo la mistari, mingine nimeinukuu kwa wenzangu wa bwenini, mingine nimeitunga. Siku moja nilipanda daladala la Mwenge kwenda Posta, nikakaa karibu na dada mmoja aliyejifunga khanga juu ya gauni. Tulipofika Morocco nilijikaza nikamwambia, "Samahani dada, umedondosha kitu." Kilichotakiwa ni aulize, "Nini?" nami nijibu, "Moyo wangu," kisha tucheke. Hakuuliza. Alishtuka, akainama, akapapasa kwa mguu chini ya kiti, akamwomba abiria wa mbele asogeze mfuko wake. Halafu akafungua fundo la pindo la khanga yake na kuanza kuhesabu sarafu moja baada ya nyingine kwenye kiganja, midomo ikitembea. Nikiwa nimeshachelewa kurudi nyuma, nikasema, "Ni moyo wangu." Aliniangalia kwa muda. Akarudisha sarafu, akafunga fundo kwa meno, akageukia dirishani, na hakusema neno mpaka Posta.

Mstari ule haukuwa na tusi wala kashfa, na wenzangu bwenini waliuona mtamu. Lakini ili unifae mimi ilibidi kwanza yeye aamini kwamba amepoteza nauli, na daftari halikuwa na nafasi ya kunieleza nauli ni kitu gani kwake. Sikuwa nimemwangalia kabisa, nilikuwa nikimsomea.

Kama ukweli ni bora, je, nimweleze kila ninachokifikiria?

La. Kuna wanaume wamelichukua neno "ukweli" na kulifanya leseni ya kumwambia mwanamke wasiyemjua maneno kuhusu umbo lake, halafu akikasirika wanasema yeye hapendi watu wa wazi. Ukweli wa kutosha katika dakika ya kwanza ni jina lako, nia yako kwa ujumla na hiari yake. Mengine yanasubiri haki ya kusemwa, kama yanavyosubiri kwa jirani au mfanyakazi mwenzako.

Kosa la upande wa pili ni kusema "nakupenda" kwa mtu uliyemwona dakika nne zilizopita. Huo si ukweli hata kama moyo unadunda, kwa sababu humjui. Sema kwamba umevutiwa naye na ungependa kumjua. Hilo ndilo lililotokea.

Je, ni vibaya kuficha kwamba sina kazi, au kwamba nimeoa?

Mambo haya mawili hayalingani. Hali ya mfuko wako huna wajibu wa kuitangaza kituoni, ingawa ukiulizwa usijibu uongo, na usiazime gari la rafiki ili likusemee. Ndoa ni jambo jingine. Mtu hawezi kukubali au kukataa jambo ambalo sehemu yake kubwa imefichwa, na kwa hapa kwetu, ambako mtu mmoja anatafuta mume na mwingine anatafuta mke wa pili kwa uwazi kabisa, hakuna sababu nzuri ya kunyamaza.

Ahadi ya ndoa, ambayo ni mbinu ya zamani kuliko zote, ina uzito wa kisheria ambao wengi hawaujui. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa na kisha kuachwa kufungua madai ya fidia. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haimlazimishi mtu kutimiza ahadi hiyo, lakini inaruhusu aliyepata hasara kwa sababu yake kudai fidia. Kwa hiyo neno "nitakuoa" halifai kutumiwa kama nauli ya kwenda mahali pengine.

Ni wapi hasa sipaswi kumfuata mtu?

Mahali ambapo hawezi kuondoka, na mahali ambapo analipwa ili akuchekee. Mhudumu wa mgahawani, msusi, karani wa benki na muuguzi wanatabasamu kwa sababu kazi inadai hivyo. Antonia Abbey alionyesha mwaka 1982, katika jaribio ambalo mwanamume na mwanamke walizungumza kwa dakika 5 huku wengine wawili wakiwatazama, kwamba wanaume walielekea kuona mvuto wa kimapenzi katika ukarimu wa mwanamke kuliko wanawake walivyoona. Ukimwongezea mhudumu huyo sare na meneja anayemtazama, makosa ya kusoma yanazidi.

Nataka nitaje hasa wakala wa pesa za simu, kwa kuwa malalamiko yake ni mengi. Mteja anatoa pesa, anaandika namba kwenye daftari, jina lake kamili linaonekana kwenye muamala, na jioni anapokea ujumbe: "Mambo mrembo, nimekumiss." Wakala yule hakupewa namba, alipewa taarifa za kukamilisha muamala. Kuitumia kwa jambo jingine kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Wakala anayetaka kufahamiana na mteja amwambie ana kwa ana, siku ambayo hakuna foleni nyuma yake, akubali jibu, na daftari liendelee kuwa daftari la biashara.

Usiku kituoni, ndani ya lifti, na njiani wakati anatembea peke yake, msalimie kama mtu yeyote, upite.

Nitajuaje kwamba amekataa, kama hakusema "hapana"?

Kiswahili kina njia nyingi za kukataa kwa adabu, na nyingi hazina neno "hapana" ndani yake. Akikuamkia, "Shikamoo," ameshakujibu: amekuweka pamoja na baba zake wadogo, na "Marahaba" yako ndiyo mwisho wa shauri. Akianza kukuita "kaka yangu" kila sentensi, amekupa undugu ili usiombe kitu kingine. "Simu yangu imezima chaji," "nina mtu wangu," "tutaonana Mungu akipenda," na kuvaa visikilizio upya ni majibu kamili. Usimkague. Kama hana mtu wake na amesema anaye, hiyo ni haki yake, na amekuchagulia uongo mwepesi kwa sababu wanawake wengi wameshatukanwa kwa kusema ukweli mzito.

Wauzaji wa mafunzo hufundisha kwamba kukataliwa mara ya kwanza ni mtihani tu, na hapa kwetu hoja hiyo huvishwa methali ya mvumilivu hula mbivu. Methali inazungumzia tunda, ambalo halina miguu wala maoni. Mtu aliyekataa na bado anafuatwa anaweza kuwa ameshaingia katika eneo la sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 138D, kilichoongezwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinahusu usumbufu wa kijinsia, ukiwamo ule wa maneno. Kifungu cha usumbufu huo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 kinawalenga hasa wenye mamlaka na nafasi za umma.

Nikiomba namba, ninaruhusiwa kuipiga palepale kuhakikisha ni yenyewe?

Unaweza, lakini fikiria unachokisema kwa kitendo hicho. Umempa mtu jaribio ambalo kufaulu kwake ni kunaswa. Mimi nashauri umpe yako, uiandike au uitaje, na umwambie atakutafuta akipenda. Utapata namba chache kuliko rafiki yako anayebipu watu usoni. Zitakazokupigia zitakuwa zimetaka.

Je, mwanamke anaweza kuanza?

Anaweza, na kipimo ni kilekile. Kujifanya mgumu kwa wiki tatu kwa sababu shangazi alishauri ni mstari wa kukariri kama mwingine, na una madhara ya ziada: unawafundisha wanaume kwamba "hapana" ya jirani yako nayo ni ya kuigiza.

Na kunakili ujumbe uleule kwa watu kumi?

Watapigiana picha za skrini. Watatu kati yao wako kundi moja la WhatsApp.

Alinipa namba kwa hiari, nimemwandikia, hajibu. Nifanye nini?

Andika ujumbe mmoja unaokumbusha wewe ni nani na mlikutana wapi, kwa sababu huenda namba haikuhifadhiwa kwa jina: "Ni Juma, tulikutana Jumamosi kwenye harusi ya Tegeta, uliniambia unafanya kazi ya kushona. Ningefurahi tunywe chai siku utakayopata nafasi." Usitume "mbona kimya" kesho yake, wala alama ya kuuliza peke yake, wala salio ambalo hakuomba ili ajisikie anadaiwa. Ikipita wiki bila jibu, futa namba, maana ikikaa kwenye simu utaitumia usiku ambao hukupanga kuitumia.